Banda la gemu la Nkuhungu lenye ligi ya NASCAR, na mdhamini mkuu anayejua kazi yake

Wakuu habari za weekend. Hapa Dodoma, Nkuhungu, kuna banda la gemu ambalo naona watu hawalisemi vya kutosha, kwa hiyo leo nalisema mimi. Mashine za PS zipo kibao mji huu, kuanzia Majengo mpaka huko Ng'ong'ona kwa wanachuo, hicho sio kilichonifanya niandike. Nimeandika kwa sababu ya ligi yao ya magari na hasa huyo mdhamini mkuu wa ligi, jinsi alivyopatikana na jinsi anavyofanya kazi yake. Kwa sisi tunaofuatilia NASCAR tukiwa huku Kanda ya Kati, hapa pametutendea haki.

Kwa asiyeijua, NASCAR ni mbio za magari za Marekani, magari karibu arobaini yanazunguka kiwanja kimoja, mara nyingi cha duara, wanakata kushoto tu, na kwa umbo ni Chevrolet, Ford na Toyota Camry ingawa kwa ndani hayana undugu na Camry ya kwenda nayo kazini Mtumba. Watu wengi wakiona mara ya kwanza wanasema sasa hawa wanazunguka tu? Wakikaa nusu saa hawaondoki.

Banda lenyewe. Ni chumba kimoja kirefu, TV za mbele zote ni za mpira na huko kelele hazina mfano, kona ya nyuma ndio ya magari. Mpira ni jero kwa mechi. Magari ukicheza kwa kontrola ni buku kwa nusu saa, ukitaka usukani ni buku jero. Huo usukani ndio raha yenyewe aisee. Wametafuta fundi akawachomelea stendi ya chuma, siti ni ya gari kweli, imeng'olewa kwenye Noah iliyokufa, wakaifunga kwa boliti kwenye stendi, pedali nazo zimefungwa kwenye ubao mzito ili usizisukume zikakimbia. Ukigusa ukuta usukani unakutikisa mpaka kwenye viwiko, ukimfuata mtu karibu sana unausikia unakuwa mwepesi kidogo na pua ya gari inakataa kukata kona, hapo unajua unatakiwa uachie gesi au upande ukutani. Martinsville, kile kiwanja kifupi cha karibu nusu maili, mguu wa breki unauma kabisa. Daytona, kiwanja kirefu cha kasi, ni kinyume chake, unakanyaga tu na akili yote ipo kwa aliyepo mbele yako na aliyepo nyuma yako.

Usukani wa pili una shida, pedali ya breki imelegea inashika nusu ya safari, na ukiambiwa "huo ni mzima tu kaka" usikubali, subiri wa kwanza.

Sasa ligi. Inachezwa Jumapili mchana, gemu ni NASCAR Heat 5, na msimu wao wanaufuata ule wa Marekani, wanaanza Februari na Daytona wanamaliza Novemba. Huko nyuma ligi ilikuwa ya kuchangishana, kila dereva anatoa hela yake, bingwa anabeba chungu chote, na kila mwaka ikifika katikati wale waliokwisha kukata tamaa hawatoi tena hela na ligi inakufa. Na umeme ukikatika ndio basi, mbio imeisha, mnagombana nani alikuwa anaongoza.

Akaingia mzee mmoja mwenye duka la spea za bodaboda mtaa huohuo. Mwenye banda, dada mmoja mtaratibu sana anayejua hesabu, alimfuata dukani akamwambia mzee hii ligi ina vijana hawa na hawa, wengi wao ni wateja wako, nipe jina lako niliweke juu ya ligi na wewe utupe vitu vitatu. Hakuomba hela mkononi. Aliomba inverter na betri zake, zawadi za msimu mzima, na kiingilio cha madereva kipungue mpaka mtoto wa sekondari aweze. Mzee akakubali, ligi sasa inaitwa kwa jina la duka lake, liko kwenye bango, kwenye jedwali la pointi, kwenye grupu la WhatsApp na mdomoni mwa mtangazaji. Mkataba wao ni ukurasa mmoja na wameubandika ukutani karibu na swichi, yeyote anasoma. Kipengele nilichokipenda kuliko vyote kinasema akitaka kujitoa lazima aseme miezi miwili kabla ya msimu kwisha.

Kwa nini nimekipenda? Tukumbuke Ligi Kuu yetu msimu wa 2018/19, Vodacom walikuwa wameondoka na ligi ikachezwa bila mdhamini mkuu, timu zikawa zinalia na nauli na posho, mechi za mikoani safari ni ndefu na hela hakuna. Baadaye jina likarudi, na kuanzia 2021 ni NBC. Shabiki aliyekaa jukwaani Jamhuri anaona bango tu limebadilika rangi, ila kwa timu ndogo hiyo ni tofauti ya kusafiri na kulala vizuri au kufika asubuhi ya mechi mmechoka. Mdhamini mkuu akiondoka ghafla anaondoka na vitu vingi ambavyo mtu wa nje havioni.

Pale bandani kuna CD mbili za mbio, Heat 4 na Heat 5, na hapo ndipo madogo wanapouliza maswali mazuri. Ukiweka Heat 4, ya 2019, ligi kubwa inaitwa Monster Energy NASCAR Cup Series. Ukiweka Heat 5, ya 2020, Monster, wale wa kinywaji cha kuongeza nguvu, hayupo, imebaki NASCAR Cup Series tu. Dogo mmoja wa form two akauliza kwani wamefilisika? Hawajafilisika. Hiyo ni hadithi ndefu na naomba niieleze hapa maana ndiyo inayofanya niuone umuhimu wa kilichofanyika Nkuhungu.

Mwaka 1971 Marekani walipiga marufuku matangazo ya sigara kwenye TV na redio. Kampuni ya sigara ya R.J. Reynolds ikabaki na hela nyingi za matangazo na hazina pa kwenda. Junior Johnson, dereva wa zamani aliyekuwa na timu yake, akawafuata akitaka wadhamini gari lake, wao wakaona gari moja ni dogo kwa hela waliyonayo, wakachukua mashindano yote. Ndio ikawa Winston Cup, jina la sigara yao, kuanzia 1971 mpaka 2003. Na hawakuweka jina wakakaa. Mwaka 1972 ratiba ilikatwa kutoka mbio 48 hadi 31, vile vimbio vifupi vya katikati ya wiki vikaondoka, mashindano yakaeleweka. Walileta hela za mfuko wa pointi, yaani zinazogawiwa madereva kwa msimamo wa pointi, walipeleka rangi nyekundu na nyeupe viwanja vikapakwa vikapendeza. Mwaka 1985 wakaanzisha Winston Million, ukishinda mbio tatu kati ya zile nne kubwa unapewa dola milioni moja, na mwaka huohuo wa kwanza dereva Bill Elliott akaibeba. Hata wasiofuatilia magari walijua kuna mtu ameshinda milioni.

Lakini ilikuwa sigara. Hilo siwezi kulipita. Jina la sigara lilikuwa linasemwa kila Jumapili mbele ya watoto, sheria ilikuwa imelifukuza kwenye matangazo ya TV likarudi kwenye TV hiyohiyo kwa mlango wa michezo. Makubaliano makubwa ya kesi za sigara ya 1998 yakabana udhamini wa aina hiyo, na baada ya msimu wa 2003 Winston akatoka. Huku Afrika Mashariki pia tuliyaona, Safari Rally ya Kenya iliwahi kuitwa Marlboro Safari Rally, na watu wazima wa leo wanaikumbuka kwa jina hilo.

Baada ya hapo wakaja watu wa simu, Nextel kuanzia 2004, Nextel na Sprint zikaungana, kuanzia 2008 kombe likaitwa Sprint Cup, hao wakaondoka mwisho wa 2016, Monster wakashika 2017 mpaka 2019. Unaona muda unavyopungua? Kutoka miaka thelathini na kitu mpaka mitatu. Ndio maana 2020 NASCAR wakaamua kombe kubwa lisivae jina la mtu tena, wakachukua wadhamini wanne wa ngazi moja, Coca-Cola, bia ya Busch, bima ya GEICO na intaneti ya Xfinity, jina la kombe likabaki lao wenyewe. Mmoja akitoka, jina halibadiliki na nyumba haianguki. Madaraja ya chini bado yanauza jina, la pili lilikuwa Xfinity tangu 2015 na kuanzia 2026 ni O'Reilly Auto Parts, na hao O'Reilly ni duka la spea! Nilimwambia mzee wetu hiyo habari akacheka mpaka akakaa chini, akasema kumbe tupo wengi.

Huyo mzee naye ana gari lake. Jumapili akifunga duka mapema anakuja, vijana wote "shikamoo mzee", "marahaba wanangu", anakaa kwenye usukani anachukua gari namba 9 la dereva Chase Elliott kwa sababu imeandikwa NAPA na NAPA ni maduka ya spea. Hashindi, anamaliza nyuma nyuma huko, ila kuna kitu hapo nakithamini sana, mdhamini anayekaa na kucheza na watu anaowadhamini anajua siti imechakaa, anajua feni haifanyi kazi, hahitaji kuandikiwa barua. Feni mpya ilikuja wiki ileile aliyokaa akatoka jasho.

Kingine ambacho banda hili wamekifanya vizuri ni kutenganisha wadhamini. Kwenye NASCAR kuna mdhamini wa mashindano yote, kuna mdhamini wa mbio moja, mfano Coca-Cola 600 ya Charlotte, maili 600, mizunguko 400, na kuna mdhamini wa gari. Wote wanataka kuonekana na hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Wakati Nextel wanaingia walipewa haki ya kuwa kampuni pekee ya simu, ila waliokuwepo kabla wakaruhusiwa kubaki. Mmoja wao alikuwa Cingular kwenye gari namba 31 la Jeff Burton. Cingular ikageuka AT&T, timu ikataka kubadili nembo kwenye gari, NASCAR wakakataa wakisema ruhusa ilikuwa ya Cingular, wakafikishana mahakamani 2007. Mwisho wakaelewana AT&T wabaki mpaka mwisho wa 2008 kisha watoke. Kesi nzima kwa ajili ya maandishi kwenye boneti.

Nkuhungu ilitokea karibu hivyohivyo. Dereva mmoja wa bodaboda alikuwa anakuja na tisheti ya duka jingine la spea, ndio wanaomlipia kiingilio tangu zamani, kabla mzee hajaingia. Watu wakaanza maneno, wengine wanasema avue, wengine wanasema aachwe. Dada mwenye banda akawaita wote wawili, akaamua: huyu alikuwepo kabla, anaendelea na tisheti yake mpaka msimu uishe, ila mpya yeyote hatakiwi kuja na duka la spea. Mwenye kinyozi, mama wa chipsi, fundi simu, hao ruksa kumdhamini dereva wamtakaye. Ikaisha siku hiyohiyo, na mzee hakununa. Sasa hivi kuna dogo anadhaminiwa na kinyozi, ananyolewa bure na jina la kinyozi liko mgongoni, na yeye ndiye anayeongoza pointi.

Na mambo ya rangi msiyachukulie poa. Mwaka 1972 dereva Richard Petty alipata udhamini wa STP, watu wa dawa za oil ya injini, wao wanataka gari liwe jekundu, yeye gari lake ni bluu ya familia na hakubali, wakavutana mpaka wakakubaliana gari liwe na rangi zote mbili, na hilo gari namba 43 la bluu na nyekundu likaja kuwa maarufu kuliko magari yote ya mchezo huo. Mwana Yanga analielewa hili bila kuelezwa, maana Yanga waliwahi kukataa kuvaa nembo nyekundu ya Vodacom kwa sababu nyekundu ni ya Simba. Mdhamini mwenye akili anasikiliza, hela haikupi ruhusa ya kumvalisha mtu rangi ya mtani wake.

Kitu kilichonifanya nimheshimu zaidi yule dada ni hiki. Kabla ya mzee wa spea kulikuwa na watu wa kubeti waliotaka jina la ligi, na ofa yao ilikuwa kubwa, hela mkononi na tisheti za bure. Akakataa. Nilipomuuliza aliniambia, "Kaka, hawa ni watoto wa watu. Mama yake akija kumchukua hapa saa kumi na mbili akute mwanae kavaa tisheti ya kubeti, mimi nitamwambia nini?" Mimi nakubaliana naye mia kwa mia. Tumeshaona Winston ilivyokuwa, mdhamini anaweza kuujenga mchezo vizuri sana na bado anauza kitu ambacho hutaki mtoto akijue. Biashara ya mtaani inayolea vijana ina haki ya kuchagua, na huyu alichagua akijua anakosa hela ambayo ingemlipia pango.

Zawadi ziko hivi: bingwa wa msimu anachukua tairi mbili za pikipiki na helmeti, wa pili helmeti, wa tatu oil na plagi, na kama huna pikipiki unapewa thamani yake kwa hela, hilo limeandikwa pale ukutani kwa hiyo hakuna kuzungushana. Mshindi wa kila Jumapili anacheza bure wiki inayofuata. Na ile inverter, jamani, kuna Jumapili umeme ulikatika ikiwa imebaki mizunguko kumi na mbili kwenye kiwanja cha Bristol, mtaa mzima giza, sisi tunaendelea, TV za mpira zote zimezima na wale wa mpira wamekuja kusimama nyuma yetu wanaangalia magari kwa mara ya kwanza. Kuna waliojisajili palepale. Bango peke yake lisingewaleta hao.

Lawama zangu sasa, maana sitaki kusifia tu. Bango la mdhamini wamelitundika juu ya dirisha pekee la upande wa nyuma, limeziba hewa, na kuanzia Septemba mpaka mvua zianze hicho chumba kinakuwa tanuru. Nimeshawaambia lihamie ukuta wa nje ambako hata wapita njia watalisoma, dada kasema ataongea na mzee. Mtangazaji naye apunguze, kutaja jina la duka mwanzo wa mbio na mwisho inatosha, sio wakati watu tunajipanga kuanza upya baada ya ajali, pale kila mtu anahitaji masikio yake. Choo ni kimoja na ufunguo unakaa kwa mangi wa duka la jirani. Na wanaocheza mpira wanavuta viti vya magari wakikosa vya kwao, hilo liwekewe utaratibu.

Pia wadada hamjazuiwa, wapo wanachuo wawili wa UDOM wanaokuja na mmoja wao kwenye kiwanja cha Talladega hagusiki, ila mazingira ya Jumapili jioni yana makelele na utani mwingi, mwenye banda akiweka saa fulani tulivu katikati ya wiki nadhani wataongezeka.

Mbio za kweli hawaonyeshi live kwa sababu nyingi zinaanza usiku huku, karibu saa nne au baadaye, na pale wanafunga saa tatu, ila Jumatatu wanaweka marudio ya YouTube kwenye TV ya nyuma, bure, ukinunua soda tu unakaa.

Ukitaka kujisajili nenda siku za kazi asubuhi ambapo hakuna foleni, muulize dada mwenyewe kaunta, akupe na usukani wa kwanza ujaribu. Usajili wa msimu ujao unafunguliwa Januari, nafasi ni ishirini tu na za mwaka huu zilijaa mapema. Kama una biashara na unataka kumdhamini dereva, wapo madogo wazuri pale hawana mtu bado, ila kama unauza spea usihangaike.